Bangili za Pembe na Safari ya Gety

Mwanangu Sifa,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nyumba imenyamaza. Nimeketi mlangoni, mahali penye mwanga, nikuandikie kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umepakia shuka, na tutamaliza jioni nzima kwenye mashuka. Mambo hayo unayajua. Ya kuchemsha maji na kufunga neti, wewe ndiye unayekwenda kuwafundisha wengine. Nina mengine ya kukuambia na sijui kuyapanga vizuri, kwa hiyo yapokee yalivyo.

Nimechoka, Sifa. Usishtuke, si ugonjwa. Ni uchovu ambao hata nikilala naamka nao. Lakini ningechoka zaidi kama ungeondoka kesho bila kujua kwa nini nilisema "sawa".

Unakumbuka siku walipokupangia kazi kwenye kituo cha afya cha Gety. Uliingia, ukanitazama usoni kwanza kabla ya kufungua mdomo. Ulisema, "Mama, ni Gety." Nikasema sawa, nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Uliniona. Tangu siku hiyo baba yako mdogo Faustin hajaacha kusema kwamba mama mwenye akili hawezi kumpeleka mtoto upande ule, tena akalale kwa watu wa kule. Sijamjibu. Jibu langu ni refu, na yeye ni mtu anayesimama kabla hujafika katikati ya neno.

Ulikuwa mdogo tulipokimbia vita nyumbani kwetu, upande wa Djugu. Nadhani unakumbuka safari kuliko unavyowakumbuka ng'ombe wetu. Mimi ninawakumbuka wote. Kila mmoja alikuwa na jina na tabia yake, na baba yako aliwaita kama mtu anayeita wakwe zake, kwa upole. Walichukuliwa na watu wenye silaha ambao sikuwaona nyuso. Nilisikia sauti tu, kwa mbali, na kwa sauti hizo nikajiamulia ni watu wanaosema kama wa Gety. Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika. Leo sina hakika hata kidogo.

Baba yako hakupona kule Bunia, kwenye kambi tuliyokimbilia. Aliendelea kuamka alfajiri kama zamani, anavaa buti zake za mpira, anashika fimbo, anasimama nje ya hema. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Jua likipanda anavua buti. Alipokufa daktari alisema ni moyo, na mimi nikasema ndiyo, ni moyo.

Ndipo Mama Kavira akaja. Unamjua kwa sauti yake, anaita mtu aliye karibu kama anayemwita ng'ambo ya mto. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Bunia na watoto wake, na alikuja kambini kutafuta wanawake wa kazi ya mikono. Alisema, "Mimi sina musaada ya kugawa. Niko na kazi. Tutatengeneza bangili na hereni, tutauza, tutagawana faida, na kila mwaka mutachagua nani wa kuwaongoza." Hatukumwamini. Tulikwenda kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya.

Siku ya kwanza alifungua gunia lililotoka machinjioni, zikamwagika pembe. Harufu yake unaijua, ilikaa kwenye nguo zetu miaka yote, na shuleni walikucheka kwa ajili yake. Niliokota moja. Shinani ilikuwa na pete zile zinazojichora ng'ombe anapozaa. Alikuwa amezaa mara nyingi, ng'ombe huyo. Mtu alikuwa amemkamua na kumwita jina. Niliirudisha chini, nikaenda zangu, nikaapa kwamba mikono iliyokamua haitakata pembe. Kiapo hicho kilidumu mpaka mwalimu wako alipokuleta nyumbani amekushika mkono, kwa kuwa ulianguka darasani kwa njaa. Kesho yake nilirudi atelye, kwenye karakana ile ya pembe. Mama Kavira alinipa aproni.

Sasa, pembe inataka watu wawili. Mmoja anaishika juu ya ubao, mwingine anaikata kwa msumeno, pete baada ya pete, na vidole vya anayeshika viko karibu kabisa na meno ya msumeno. Mama Kavira alinipanga na Mama Vero. Aliponisalimu tu, nikasikia matamshi yake, nikajua ametoka pande za Gety. Sikumjibu. Nilichukua msumeno nikakata kwa hasira, pembe ikaruka, naye akairudisha ubaoni. Nikakata tena vilevile. Akasema polepole, bila kuondoa mkono, "Mama, vidole vyangu viko hapa."

Nilitazama vile vidole. Kucha zilikuwa zimevunjika kwa jembe, kama za mama yangu. Nikakata taratibu.

Tulifanya kazi hivyo muda mrefu, maneno yetu yakiwa "shika", "geuza", "acha". Tulikata, tukapiga tupa, tukasugua kwa msasa, tukang'arisha kwa majivu na mafuta ya mawese mpaka pembe ile chafu ikaonyesha rangi zake, nyeusi na asali na nyeupe. Siku moja, akiwa anang'arisha na macho yake kwenye kitambaa, alisema, "Nyumba yetu waliichoma. Niliacha muhogo shambani, ilikuwa karibu kuvunwa." Kisha akasema, "Miye nilizania ni siye tu tulikimbia."

Nikasema, "Na siye pia." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza. Watu wanapenda kusikia kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana, tulikuwa na bangili za kumaliza.

Lile la sokoni ulikuwepo. Tulikuwa watatu, mimi na wewe na Faustin, na Mama Vero akapita na beseni lake kichwani akasema, "Mama Sifa, jambo." Mimi nikainama kwenye nyanya. Nilizishika moja moja kama mtu anayetafuta iliyooza. Akapita. Wewe ukanitazama, ukauliza kwa sauti, "Mama, hukumusikia?" Faustin akacheka kidogo, na kicheko hicho kilikuwa cha kunisifu, ndicho kilichonichoma. Kesho yake kazini nilifika mapema nikiwa na maneno ya pole mdomoni. Mama Vero alikuwa tayari ameshika pembe juu ya ubao. Akasema, "Kata." Nikakata, na yale maneno nikayameza. Sijui kwa nini neno dogo kama pole linakuwa zito kuliko gunia. Nimelisema baadaye sana, naye akasema hakumbuki. Anakumbuka vizuri.

Halafu likaja lako.

Ulikuwa unasoma uuguzi, hujafika hata katikati. Faustin alikuja amevaa koti, nikajua kuna jambo. Alikuwa amezungumza na familia moja ya huko kwenye barabara ya Komanda, watu wa kanisa, wenye ng'ombe. Kijana wao alikuona kwenye arusi ya binamu yako. Faustin akasema, "Kwa mahari yake tutaanza tena kundi. Jina ya kaka yangu itarudi." Nikajibu, "Tutaona."

Ulikuwa jikoni unatwanga majani ya sombe. Mchi ulinyamaza. Najua ulisikia, na najua ulisubiri nije nikuambie kitu, na sikuja. Kwa siku kadhaa nilikupita ndani ya nyumba kama mpangaji. Nataka ujue nilikuwa wapi siku hizo. Nilikuwa na ng'ombe. Ukifikiri niliogopa kumkatalia shemeji yangu, unanipunguzia kosa. Niliwataka. Nilitaka kusikia tena maziwa yakigonga chombo. Nilitaka kupita barabarani nikiwa mtu mwenye ng'ombe, nisiwe mwanamke anayenuka pembe za ng'ombe wa wengine. Na bei yake ulikuwa wewe, nami nilijua, na bado nikalala nikiwaota.

Nilimwambia Mama Vero, labda kwa sababu ndiye pekee asiyekuwa wa ukoo. Alikuwa ameshika, mimi nakata. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na wakiiba tena zile ng'ombe, utaozesha nani?"

Nilimkasirikia siku nzima. Niliona amenitukana, amewatukana na ng'ombe. Jioni nikiwa njiani kurudi, swali lile likaniingia. Sikuwa na mtoto mwingine. Na hata ningekuwa naye.

Faustin alipokuja kuchukua jibu nilimwekea chai. Nikamwambia, "Sifa anasoma. Minerval ya shule ninalipa miye. Ataolewa siku atakapotaka."

Akasogeza kikombe kando. "Nani amekupa huu mudomo?"

"Hakuna. Nimechoka tu," nikasema.

Akaondoka, chai ikabaki. Wewe uliinywa, unakumbuka? Ulitoka jikoni ukakaa kwenye kiti chake ukainywa yote ikiwa imepoa.

Nilikuwa nikidhani mwanamke anayemkatalia mkubwa wa ukoo ni yule mwenye nguvu nyingi. Siku ile mimi sikuwa na nguvu zozote. Nilikuwa na ada ya shule yako, niliyoipata kwa mikono yangu, na uchovu wa kubeba mambo ya watu wengine. Viwili hivyo vilitosha. Ndiyo maana siwapendi sana wageni wanaokuja na kamera kutuambia sisi ni wanawake wenye nguvu. Ni watu wema, wananunua hereni. Yupo mmoja aliyemuuliza Mama Vero anajisikiaje kuwa mfano kwa wengine. Mama Vero akajibu, "Tumechoka." Mkalimani akazungumza kwa muda mrefu sana, mgeni akatokwa na machozi. Tulipobaki peke yetu Mama Vero akaniuliza, "Kumbe nilisema nini?" Tulicheka mpaka Mama Kavira akaja kutazama. Ukisikia watu wanasema mama yako ni jiwe, usiwaamini. Jiwe halitafuti mtu wa kulishikia pembe.

Na usifikiri baada ya hapo nilikuwa nimeerevuka. Wenzangu walinichagua kuwaongoza, cheo kikaniingia kichwani. Mfanyabiashara wa Kampala aliagiza bangili nyingi kuliko tulizowahi kutengeneza. Pembe ikishachemshwa inataka kukauka kivulini, bila haraka. Nilijua. Sote tulijua. Lakini nilitaka kuwa kiongozi aliyewahisha mzigo, nikaamuru zianikwe juani. Zilipofika Kampala zilianza kupasuka moja baada ya nyingine, na mzigo ukarudi. Mama Kavira alifungua boksi mbele yetu wote. Yeye mwenye sauti ile hakupaza. Wanawake waliziokota wakazitazama, wakazirudisha. Wengine walikuwa wameshaahidi watoto wao viatu.

Nilirudi nyumbani nikalala. Kweli homa ilikuwapo, lakini si yote iliyokuwa homa. Niliwaza kwamba sitarudi tena, nitauza mandazi. Siku ya pili au ya tatu Faustin alikuwa amekuja kunijulia hali, maana pamoja na yote hajawahi kuacha kuja, hilo lazima niliseme. Alikuwa ameketi kando ya mlango. Mama Vero akaingia na sahani imefunikwa. Akamsalimu, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, nikasikia anaosha vyombo vyangu.

Faustin akauliza, "Huyu ni nani?"

Ulikuwa umesimama hapo, Sifa. Ulikuwa unanitazama vilevile ulivyonitazama sokoni.

Nikasema, "Ni Mama Vero wa Gety. Ni yeye ananishikiaka pembe."

Nadhani Faustin hakuelewa maana ya maneno hayo, ila aliielewa sauti yangu. Hakuondoka. Mama Vero akamletea chai, naye akainywa. Alipoondoka Mama Vero akaja kitandani akasema, "Kesho unakuja? Niko na gunia nzima na sina mutu wa kukata." Sikuwa nimesamehewa na wote, na mwaka uliofuata hawakunichagua. Walimchagua yeye. Nilimpigia kura na nikanuna wiki nzima. Bangili zilizopasuka, tulizoweza kuziokoa tulizikata kuwa vifungo vya mashati, nyingine tulizitupa.

Sasa biashara ni ngumu. Wanunuzi waliokuwa wakipitia Goma hatuwapati tena, barabara zinafunguka na kufungwa, na kuna miezi tunang'arisha vitu vinavyokaa tu kwenye rafu. Kifua changu unakijua, ni wewe uliyetufokea sote tuvae barakoa kwa ajili ya vumbi la pembe, na tungekusikia mapema tungekohoa kidogo. Kwa hiyo sikuambii kwamba kazi hii ilituokoa. Baba yako hakuokoka. Ilinipa bati juu ya kichwa, ikakusomesha, ikanifundisha kusema hapana, ikaninyang'anya pumzi kiasi. Kazi zote nilizoona zinatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Hii ilinipa pia mtu.

Sasa Gety. Ninaogopa. Nikikuambia siogopi utanitambua mara moja. Ninaogopa barabara, na ninaogopa mtu atakayesikia matamshi yako na kujiamulia wewe ni nani, kama mimi nilivyojiamulia. Hilo litatokea. Utamsalimu mtu akunyamazie. Usimhukumu siku hiyohiyo, lakini pia usijilazimishe kumpenda. Mfunge kidonda chake, umwambie arudi lini. Sikutumi kwenda kuonyesha kwamba watu wamepatana. Hilo ni zigo la wakubwa waliolishindwa, usilibebe na sanduku lako. Unakwenda kwa sababu ulisomea, na kwa sababu nilipokuuliza kama unataka, ulisema ndiyo kabla sijamaliza swali.

Na ukiona hapakaliki, rudi. Usingoje mwezi uishe, usingoje sababu nzuri ya kunieleza. Mimi nilikaa mahali pengi kwa aibu ya kuondoka, na nikaondoka mahali pengine kwa aibu ya kubaki, na mara zote mbili aibu ilinishauri vibaya. Ukisimama mlangoni nitasogeza kiti.

Asubuhi ulipokwenda mjini Mama Vero alikuja hapa. Alikuwa amevaa kitenge kizuri kama anayekwenda kanisani. Alikaa kwenye mkeka, akampigia simu mama yake, yule muzee ambaye utakaa kwake mpaka upate nyumba. Walizungumza kwa lugha yao, kisha akanipa simu. Tangu jana nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima. Nilitaka kumwomba akupokee, nimwambie wewe ni mtoto wangu wa pekee, nimwambie wewe huna kosa lolote na mtu yeyote. Muzee hakunipa nafasi.

"Ni weye mama ya muganga?"

"Ndiyo, mama."

"Anakulaka nini, mutoto yako?"

Nikasahau yote niliyoyapanga. Nikasema, "Anakula kila kitu, mama."

"Muzuri. Nimekwisha kutwanga muhogo. Aje mbele ya mvua kuanza."

Simu ikakatika. Mama Vero akaniuliza mama yake amesema nini, nikamwambia amesema ametwanga muhogo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo alilolitegemea. Tulikaa hapo mkekani, tumechoka wote wawili, mpaka akasema anakwenda kazini.

Nimemdanganya yule muzee, Sifa. Samaki wa kukausha huli, umemkataa tangu ulipoota meno. Akikuwekea, kula.

Mama yako